Nyuzi za Ukindu kwenye Chujio

"Trekta lenyewe halina ugonjwa, Ndugu Fundi," mwenyekiti wa kijiji aliniambia kabla sijashusha sanduku langu la spana. "Asubuhi nikiwa nimesimama hapa linanyanyua jembe vizuri kabisa. Nikishageuza mgongo, huko shambani linakataa. Sasa nieleze wewe, trekta lina macho?"

Nilicheka, maana nilidhani ananitania. Yeye hakucheka.

Ilikuwa miaka ya sabini, msimu wa pili tangu watu wa milimani wateremshwe kuja kuishi pamoja katika kijiji kile, kando ya barabara iendayo Kisaki, ukishaipita Matombo. Mimi nilikuwa fundi wa karakana ya kilimo mjini Morogoro, kijana wa miaka ishirini na saba, mzaliwa wa Usukumani, mwepesi wa hasira na mwepesi zaidi wa kukata kauli. Nilikuwa na cheti. Mafundi wazee pale karakana walikuwa wakilizunguka trekta nusu siku nzima huku wakiuliza maswali, nami nilikuwa nawaona wavivu tu.

Masika yalikuwa yamekaribia. Mawingu yalikuwa yameikalia milima ya Uluguru tangu juzi yake, na nusu ya shamba la kijiji ilikuwa bado haijaguswa. Udongo wa kule chini ni mweusi, ukinyeshewa siku mbili trekta haliingii tena. Na trekta lilikuwa moja tu, bovubovu, jekundu zamani, lililokuwa limefanya kazi miaka mingi kwenye shamba la katani kabla ya kijiji kupewa.

Dereva wake alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye viganja vipana, naye pia alijifunzia kazi kwenye katani. Kwa umri angeweza kuwa baba yangu mdogo. Nilipaswa kumwamkia shikamoo. Badala yake nilimwambia, "Habari, dereva," kwa sababu nilikuwa nimevaa ovaroli la serikali na mwenyekiti alikuwa ananitazama. Akaitikia, "Nzuri, fundi," akashika kazi.

Mwenyekiti alinieleza mara mbili kabla ya saa nne kwamba dereva huyo alikuwa miongoni mwa watu wa mwisho kukubali kuteremka mlimani. Halafu akalitaja neno lenyewe: hujuma. Miaka ile neno hilo halikuwa la mzaha. Mtu akishabandikwa alikuwa anaondoka kijijini chini ya ulinzi, na mkewe hakujua atarudi wiki ijayo au mwaka ujao.

Nilianza kazi vizuri, hilo sijinyimi. Nilimwambia dereva awashe. Mikono ya nyuma ikalinyanyua jembe juu, taratibu lakini bila kusita. Tukaenda shambani. Alilima mistari sita, saba, mimi nikitembea kando huku nasikiliza. Baada ya kama nusu saa pampu ikaanza kulia, mlio mwembamba wa kukera meno, na alipofika mwisho wa mstari akavuta wenzo, jembe likatikisika, likapanda kidogo, likakataa. Akavuta tena. Halikwenda popote.

"Ndiyo hivyo, fundi," alisema. "Likipumzika litanyanyua tena."

Tukalipumzisha. Baada ya muda wa kunywa chai likanyanyua tena, kwa dakika chache, kisha likarudia ugomvi wake. Safari hii, likiwa limenyanyua bado, nilimwambia azime injini. Nikaweka kijiti ardhini chini ya ncha ya jembe, nikachuchumaa kukiangalia. Kama ndani ya silinda kungekuwa na mahali oili inapotorokea, jembe lingeshuka lenyewe na kukigusa kijiti. Halikushuka hata unene wa kidole. Basi silinda ilikuwa nzima na vali ilikuwa nzima, na ugonjwa ulikuwa upande wa kunywa. Pampu ilikuwa haipati oili ya kutosha. Nilijisikia bingwa. Watu walikuwa wamesimama kandokando ya shamba wakitazama, nami nikawa natembea kama mtu anayetazamwa.

Alasiri tulilirudisha trekta kwenye uwanja wa ofisi ya kijiji, nikaimwaga oili yake kwenye madumu, nikafungua kifuniko cha ubavuni chini ya kiti. Mwenyekiti alikuwa amesimama nyuma yangu na mgambo mmoja mwenye rungu. Dereva alikuwa amenishikia spana. Nikaingiza mkono ndani, nikalipapasa chujio la pampu, na vidole vyangu vikakuta kitu laini, kama nywele. Nikakitoa. Lilikuwa bonge la nyuzi, limelowa oili, baadhi yake zimepindanapindana kama zilizosokotwa na mtu.

Hapo ndipo nilipotakiwa kuuliza. Swali moja tu lingetosha. Lakini nilikuwa nimechoka, matope yalikuwa yamenifika magotini, na kichwa kilikuwa kimenivimba kwa kutazamwa. Nikalinyanyua lile bonge juu watu wote walione, nikasema kwa sauti:

"Hii si mali ya trekta. Hii imetiwa na mkono wa mtu."

Sijui kama kuna sentensi nyingine maishani mwangu niliyowahi kuijutia kama hiyo. Mwenyekiti alitikisa kichwa tu kuelekea kwa mgambo, na mgambo akamshika dereva mkono. Dereva alikuwa bado ameishika spana yangu. Alinikabidhi kwanza, kwa mkono wa kulia, ndipo akaenda. Wakamfungia kwenye ghala la pamba. Hakujitetea hata kwa neno moja, na mimi kwa ujinga wangu nikauchukulia ukimya ule kuwa ushahidi.

"Kesho saa kumi jioni lori la pamba linapita kwenda mjini," mwenyekiti alisema. "Litaondoka naye."

Asubuhi yake niliamka na wasiwasi ambao sikuujua unakotoka. Nilikwenda kwenye trekta, nikazitandaza zile nyuzi juu ya kifuniko na kuzioshea dizeli moja moja. Nilipozitenganisha nikaona kitu ambacho jana sikukitazama. Hazikuwa za siku moja. Nyingine zilikuwa nyeusi, laini, zimeozeshwa na oili. Nyingine ndiyo kwanza zilikuwa zimeanza kubadilika rangi. Nyingine zilikuwa bado na rangi ya majani makavu. Na zilikuwa fupifupi. Mtu anayetaka kuua trekta hutia konzi ya mchanga mara moja akaondoka zake. Nani angekaa wiki baada ya wiki akidondosha vipande vya uzi, kidogo kidogo?

Nikaelewa pia kwa nini jembe lilikuwa likigoma baada ya muda. Trekta likipumzika, nyuzi zinazama chini. Injini ikiwaka, pampu inazivuta taratibu mpaka zinaziba chujio, kama majani ya chai yanavyoziba mdomo wa birika. Hakukuwa na macho wala hila. Mwenyekiti alikuwa anasimama pale dakika kumi za mwanzo, basi. Lakini bado sikujua nyuzi zile ni za nini na zimeingiaje, na bila kujua hilo sikuwa na la kumwambia mtu. Kuna mtu kwenye ghala kwa neno langu, na lori linakuja saa kumi.

Mchana niliitwa chakula. Mgeni wa kijiji alikuwa akilishwa kwa zamu, nyumba kwa nyumba, na zamu ya siku ile ilikuwa imepangwa tangu wiki iliyopita. Mtu aliyenipeleka hakunitazama usoni. Nilipofika uani nikaelewa. Ilikuwa nyumba ya dereva.

Mkewe alikuwa anakuna nazi. Nilitaka kugeuka niondoke, lakini aliniambia, "Karibu, mwanangu, kaa," akanisogezea kigoda. Nilikaa. Sikumbuki nilimwambia nini. Nafikiri nilisema "pole", neno dogo kuliko yote niliyokuwa nayo. Alitia maji kwenye nazi aliyoikuna, akachukua kifuko kirefu cha kusukwa, akakijaza, akaanza kukikamua kwa mikono miwili juu ya sufuria. Tui likatiririka jeupe.

Nilikuwa nimekaa Morogoro mjini karibu mwaka. Wali wa nazi nilikuwa naula kila wiki. Lakini mimi ni mtu wa Usukumani, kwetu nazi hatuna, na hotelini nilikokuwa nakula tui lilikuwa likichujwa huko jikoni kwa chujio la waya nisiloliona. Kitu kile alichokishika sikuwahi kukiona maishani.

"Hicho ni nini, mama?"

Akaacha kukamua.

"Kwenu hamna kifumbu?"

"Hatuna."

Akakikung'uta chicha, akakiosha, akaniwekea mapajani. Kilikuwa cha ukindu, kipya bado. "Hiki nimekisuka mwezi huu," alisema. "Cha zamani kimeisha. Kile tulikuwa tunachujia oili."

Nikamwuliza oili gani, na hapo akanieleza yote kwa sauti ya chini, huku akitazama mlango wa ua. Sili ya gurudumu la nyuma ilikuwa imechakaa, oili ileile ya kunyanyulia jembe inavuja. Oili mpya haikuwa ikipatikana, wakati ule hata mjini ilikuwa ya kubahatisha. Mwenyekiti akasema kwenye mkutano kwamba kijiji kinachojitegemea hakimwagi kitu, oili ichujwe irudishwe. Basi kila jioni dereva akawa anaweka sufuria chini ya gurudumu, na kila asubuhi sufuria inakuwa na oili, vumbi na wadudu. Haiwezi kurudishwa hivyo. Mke akaleta kifumbu chake. Wakaichuja kama tui, wakairudisha kwenye trekta. Walifanya hivyo msimu mzima, na watu walikuwa wakija kutazama na kusifu.

"Jana ulipoonyesha zile nyuzi, kila mwanamke pale uwanjani alizijua," alisema. "Na yeye alizijua."

"Kwa nini hakusema?"

"Angesema nini? Wewe ulikwisha sema ni mkono wa mtu. Mkono wenyewe ni huu." Akaunyoosha mkono wake, umelowa tui. "Aliniagiza kupitia kwa jirani ninyamaze. Lakini zamu ya kukulisha ni yangu, na mimi siwezi kupika bila nazi."

Sikula. Nilimwomba kifumbu kile nikatoka nacho mbio, saa nane ikiwa imekwisha pita.

Mwenyekiti alikuwa ofisini. Nilimwambia nataka watu wakusanyike kwenye trekta. Akasema hakuna haja, ushahidi upo. Nikamwambia kama trekta halitalima leo, nitaandika kwenye taarifa yangu kwamba mwenyekiti alinizuia kumaliza kazi. Nilikuwa naropoka, sikuwa na cheo cha kumtisha mtu yeyote, lakini alinyanyuka. Reli ya chuma iliyotundikwa nje ya ofisi ikagongwa.

Watu walipokusanyika nilitandika kipande cha kitambaa cha marekani juu ya ndoo, nikaimimina oili ya jana kutoka kwenye dumu. Nyuzi zikabaki juu ya kitambaa, nyingi, nikazikusanya pembeni. Halafu nikatia kwenye kifumbu oili safi kidogo niliyokuja nayo, nikakifunga mdomo, nikakamua juu ya kitambaa kama nilivyomwona yule mama akikamua. Nilifanya hivyo mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kifumbu kilikuwa kipya na nilianza kuogopa kwamba hakitatoa kitu. Mara ya nne nikakamua kwa nguvu zangu zote, na kwenye kitambaa kikabaki kipande kimoja cha ukindu, urefu wa ukucha. Nikakiweka kando ya zile nyuzi za jana. Watu wakasogea kutazama. Vilifanana.

"Jana nilisema imetiwa na mkono wa mtu," nilisema. "Nilikosea. Nilisema kabla sijajua. Nyuzi hizi zimeng'oka kwenye kifumbu wakati oili inachujwa. Hakuna aliyezitia."

"Kwa hiyo ni mkewe," alisema mgambo.

Yule mama alikuwa amesimama nyuma kabisa, amejifunika khanga. Niliona wanawake wawili wakisogea wakasimama mbele yake. Jambo hilo sikulitarajia. Nilikuja kumtoa mtu mmoja ghalani na sasa nilikuwa karibu kumtia mwingine. Ningeweza kusema nani aliagiza oili ichujwe. Nilitaka sana kusema, ulimi uliniwasha. Lakini kwa mara ya kwanza tangu nifike pale niliufunga mdomo. Nilimtazama mwenyekiti tu. Watu wengine wote pia walikuwa wanamtazama, maana mkutano ule aliotoa agizo walikuwepo wote.

Alikuwa mtu mgumu, lakini hakuwa mwongo. Aliitazama ile ndoo muda mrefu. Radi ilinguruma kwa mbali, upande wa milimani.

"Oili ichujwe nilisema mimi," alisema hatimaye. "Mfungulieni atoke, alime."

Dereva alitoka ghalani na pamba kichwani. Hakuna aliyecheka. Nilirudisha chujio lililooshwa, tukajaza oili, akapanda. Sasa ilibaki kungoja. Jembe kunyanyuka mara ya kwanza hakukuwa na maana yoyote, kila mtu alijua hivyo. Ilikuwa lazima ipite nusu saa. Mwenyekiti alisimama shambani saa yake mkononi. Kijiji kizima kilisimama. Trekta likaenda na kurudi, likaenda na kurudi, mimi nikisikiliza pampu kama daktari. Dakika ishirini. Thelathini. Mwisho wa mstari mmoja jembe likabaki ardhini, na nilisikia watu wakiguna. Kisha dereva akarudi nyuma hatua moja, akalinasua jembe kwenye kisiki, akavuta wenzo, na jembe likapanda mpaka juu.

Lori la pamba lilipita saa kumi na nusu. Lilisimama, likapakia, likaondoka bila mtu wetu. Aliendelea kulima mpaka jua likazama, na mimi kesho yake nikarudi mjini nikiamini nimelimaliza jambo langu kiume.

Baada ya wiki mbili hivi askari alikuja karakana akaniuliza kama mimi ndiye fundi niliyethibitisha hujuma ya trekta. Nilidhani amepotea njia. Akanionyesha barua. Ilikuwa ya mwenyekiti, na maneno yangu yalikuwemo, neno kwa neno: imetiwa na mkono wa mtu. Barua ile ilikuwa imeondoka na basi la alfajiri siku ile ya pili, kabla hata sijaanza kuosha nyuzi kwa dizeli. Mwenyekiti alikuwa ameandika nyingine ya kuifuta, nayo ilikuwa imelala kwenye meza ya mtu fulani. Ya kwanza ilifanyiwa kazi. Dereva alichukuliwa siku ya tano baada ya mimi kuondoka, akiwa juu ya trekta.

Nilitoa maelezo yangu siku ileile, nikayarudia kesho yake kwa mkubwa wake, na keshokutwa kwa mkubwa mwingine, kila mmoja akiniuliza kwa nini nimebadilisha kauli na nani amenituma. Nilikuwa nimeogopa, na nilistahili. Walimwachia. Alikuwa amekaa ndani siku kumi na moja.

Nilirudi kijijini baada ya mavuno, na sili mpya ya gurudumu mfukoni. Nilimkuta nyumbani kwake anachonga mpini. Nilisema, "Shikamoo," na aliniacha nimesimama kidogo kabla ya kuitikia marahaba. Nikamwomba radhi. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu Morogoro, lakini yalitoka ovyoovyo.

"Radhi nimekupa," alisema. "Mimi sina kinyongo na wewe. Lakini zile siku kumi na moja ndizo mvua ilizoanza. Shamba la kijiji lilipandwa. La kwangu hakuna aliyelipanda, mama huyu alikuwa anashinda njiani kuniletea chakula."

Aliyasema bila hasira, kama mtu anayenielezea hali ya barabara. Mkewe aliandaa. Ulikuwa ugali mweupe na mlenda, na dereva alinieleza, kwa sababu nilisifu unga, kwamba mahindi yale wamepewa na majirani, nyumba hii kibaba, nyumba ile kibaba, tangu mavuno. Kifumbu kilikuwa kimetundikwa ukutani, kikavu.

Nilinawa mikono. Nikala mpaka sahani ikaisha, kwa sababu yule mama aliniangalia, na kwa sababu mara ya kwanza aliponipikia niliondoka bila kula.